Siku sita kwenye Njia ya Marangu

Kabla ya kuondoka

Nimefundisha bayolojia miaka kumi na minne, na kila mwaka mada ya viumbe na mazingira yao huipitia kwa mifano ileile: ngamia na nundu, bata na utando wa vidole, mpungate na miiba. Mwaka huu kijana mmoja wa kidato cha pili, wa wale wanaokaa dirishani na kuangalia nje, alinyoosha mkono. "Mwalimu, mpungate ulijuaje kwamba mvua haitanyesha?" Darasa zima likacheka. Nikamjibu upesi, "Ulizoea," kisha nikafuta ubao.

Jibu lile limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilijua si kweli hata wakati nalitamka. Kwa hiyo likizo hii ya Desemba, badala ya kwenda kula sikukuu na ndugu, nimejiandikisha kupanda Kilimanjaro kwa Njia ya Marangu. Kila ninachokifundisha ubaoni kipo pale kimepangwa kwa ngazi, kuanzia msitu wa mvua hadi barafu, na mtu anaweza kukipita chote kwa miguu ndani ya siku tano. Nimebeba daftari moja na penseli tatu. Kalamu ya wino, nimeambiwa, huko juu haiandiki.

Siku ya 1: Langoni hadi Mandara

Tumesajiliwa saa nne asubuhi, kwenye mita zipatazo 1,870. Mizigo ya wapagazi imepimwa kwenye mizani, maana hairuhusiwi kuzidi kilo 20. Tuko sita: kiongozi, msaidizi wake, mpishi, wapagazi wawili, na mimi nisiyebeba kitu cha maana. Kiongozi ni mzee wa Kichaga ambaye vijana wote wanamwita Meku, yaani mzee, nami nimeamua kumwita hivyohivyo. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hata hajaniuliza natoka wapi akanivisha kidoleni kidude cha kupima oksijeni kwenye damu. Asilimia 96.

"Andika hiyo, Mwalimu. Utaikumbuka."

Mmoja wa wapagazi ni mwanawe wa mwisho. Ndiyo safari yake ya kwanza, na anatembea mbele ya wote.

Msitu huu unalowa hata pasiponyesha. Nimesimama mara nyingi kuangalia majani, hadi mpishi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Mengi yana ncha ndefu iliyochongoka kama mdomo wa birika. Tone likitua linateleza hadi nchani, linadondoka, na jani linakauka upesi. Kuvu na mwani wanakosa pa kujishikiza. Mahali penye ukame jani la namna hiyo lingekuwa ufujaji mtupu. Hapa kusini mwa mlima, kwenye mita elfu mbili na ushei, ndipo mvua inaponyesha zaidi kuliko pengine pote mlimani: zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Pale Kibo tutakapolala siku ya nne ni kama milimita 200 tu. Mlima uleule, mawingu yaleyale.

Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika umepatikana kwenye bonde mojawapo la mlima huu: mkukusu wenye mita 81.5. Hauko kwenye njia yetu. Nimeutaja kwa sababu tangu asubuhi nauwaza, pamoja na kile ambacho Meku ameniahidi kunionyesha siku ya nne, mimea isiyofika kifundo cha mguu.

Saa nane kundi la mbega lilipita juu yetu. Hawa wa Kilimanjaro wana mikia meupe iliyojaa manyoya, na wakiruka utadhani mtu ametupa kanzu kutoka mti hadi mti. Nilitazama mikono kwa darubini. Mbega hana dole gumba la maana. Ana kijinundu tu, na vidole vinne virefu vinavyonasa tawi kama kulabu. Jina la kisayansi, Colobus, limetokana na neno la Kigiriki linalomaanisha kiungo kilichokatwa. Na tumbo lake lina vyumba, mfano wa la ng'ombe, ambamo bakteria huchachusha majani magumu ambayo nyani angeyatema. Ndiyo maana anashinda ameketi. Mtu akila majani matupu hana haraka ya kwenda popote.

Mandara, mita 2,720. Oksijeni 94. Usiku perere wanalia mitini kama mlango usiotiwa mafuta.

Siku ya 2: Mandara hadi Horombo

Tulianza kwa kuchepuka hadi Kreta ya Maundi, dakika chache kutoka kambini. Ukisimama ukingoni unaona mahali msitu unapokatika. Nilitarajia utapungua polepole, lakini umekatika kama kitambaa: huku miti mirefu yenye majani mapana, kule miti ya jamii ya Erica, mikakamavu, yenye vijijani vidogo kama punje za mchele, vigumu, vimekunjika kingo. Jani dogo la hivyo lina eneo dogo la kupotezea maji. Kuanzia hapa kwenda juu upepo ni mkavu, jua ni kali, na kila mita 100 tunazopanda joto linashuka kwa kama nusu nyuzi au zaidi kidogo.

Kwenye matawi ya Erica zimening'inia ndevu za kijivu, nyingine ndefu kuliko mkono wangu. Vijana wanaziita ndevu za babu. Si mmea, na wala si kiumbe kimoja. Ni kuvu na mwani walioungana: kuvu hujenga nyumba na kushika unyevu wa ukungu, mwani hupika chakula kwa jua. Hazina mizizi na hazinyonyi mti. Zinaning'inia hapo zikisubiri wingu lipite, na wingu hapa hupita kila alasiri.

Baada ya saa mbili tukaingia kwenye eneo lililoungua. Oktoba 2020 moto ulianzia upande huu wa mlima, karibu na kituo cha mapumziko cha Whona, ukala zaidi ya kilomita za mraba 90. Vigogo vyeusi bado vimesimama. Lakini ukiinama, chini ya kila kigogo cha Erica kuna kishada cha machipukizi mabichi kilichotoka kwenye shina lililo chini ya udongo. Juu pamekufa, chini hapakufa. Meku alinionyesha kimoja kwa fimbo, akasema, "Huu tuliulilia bure."

Sikutaka kumkatisha furaha, lakini nilimweleza ninavyofahamu: mioto ikija kwa kupishana miaka mingi, machipukizi yanatosha. Ikija mara kwa mara, misitu ya Erica inashindwa kurudi kuwa misitu na inabaki vichaka. Hilo limekwisha kutokea sehemu kubwa ya mlima, mpaka wa miti umeshuka. Alinyamaza hatua kadhaa. "Basi tulilie kidogo," akasema.

Mchana kulikuwa na protea za Kilimanjaro zenye maua kama vikombe vya krimu. Sikusimama vya kutosha; kichwa kilianza kugonga. Horombo, mita 3,720, oksijeni 88. Panya wenye milia wanapita chini ya ngazi za vibanda wakiokota makombo, na kunguru shingo-nyeupe mmoja ameshafungua zipu ya begi la mtu. Nimeona kwa macho yangu: alikamata kishikio cha zipu kwa mdomo, akakivuta, akatoa biskuti. Kiumbe huyu hana kiungo chochote kilichoumbwa kwa zipu. Ana ubongo unaojaribu, na hilo nitalirudia.

Siku ya 3: Kuzoea, Horombo

Leo ni siku ya kulala hapahapa ili mwili uzoee. Neno lile lile nililomwambia mwanafunzi, sasa limeandikwa kwenye ratiba yangu.

Nimeamka saa kumi na moja kwa hofu, nikidhani kuna mtu amenikaba. Hakukuwa na mtu. Mwili wenyewe ulikuwa umesahau kuvuta pumzi. Mtu akiwa juu hivi hupumua haraka ili apate oksijeni, na kwa kupumua haraka anatoa hewa ya ukaa nyingi mno. Ubongo nao huamua tuvute pumzi kwa kupima hiyo hewa ya ukaa. Ikipungua, usingizini ubongo unaona hakuna haja, unanyamaza, hadi oksijeni inapopungua sana ndipo mtu anashtuka na kutweta. Nilikuwa ninalijua hili kwa kulisoma. Kulijua hakusaidii hata kidogo saa kumi na moja alfajiri.

Kwa kuwa nimeamka, nilivaa kila nilichonacho nikatoka. Ardhi ilikuwa nyeupe kwa jalidi. Chini ya kambi, kwenye kijibonde chenye kijito, kuna senesio.

Picha zake nimezionyesha wanafunzi miaka yote, na picha hazisemi kitu. Shina nene kama nguzo, mita tatu, nne, juu yake kichwa cha majani kama kabichi kubwa, na kuanzia pale kichwani hadi karibu na ardhi shina limevaa majani yaliyokufa. Hayadondoki. Yanakauka, yanalala chini, yanabanana tabaka juu ya tabaka. Niliingiza mkono humo hadi kifundoni. Nje vidole vilikuwa vinauma kwa baridi. Ndani palikuwa pakavu, na kwa mkono wangu uliokufa ganzi pakawa kama vuguvugu.

Sababu ya koti hilo inaanzia asubuhi, si usiku. Jua likichomoza hapa hupiga ghafla na kwa ukali, na majani yanaanza kupoteza maji wakati ardhi ingali imeganda. Kama maji ya ndani ya shina nayo yangekuwa barafu, majani yangekauka kwa kiu juu ya tangi lililojaa. Koti la majani makavu linazuia maji ya shinani yasigande, kwa hiyo jua linapopiga tu, maji yapo. Wataalamu waliwahi kuvua mimea ya namna hii koti lake ili waone. Iliyovuliwa ilidhoofika na mingi ikafa.

Kichwani nako kuna shughuli. Usiku majani ya nje yanakunjika kuelekea ndani, yanafunika chipukizi la katikati kama kiganja kinavyofunika mshumaa. Saa kumi na mbili na robo nilikuwa bado nimesimama pale, na vichwa vyote vilikuwa vimefumba. Mwanga ulipofika, nikasubiri. Huoni jani likisogea. Unaangalia kwingine, ukirudi limeshasogea. Majani yenyewe yalikuwa yameganda kweli, lakini barafu inajengeka kwenye nafasi zilizo kati ya seli, nje ya seli zenyewe, ikiyeyuka hakuna kilichopasuka.

Hatua chache kutoka pale kuna lobelia, mnara wa rangi ya kijani na samawati unaonifika kifuani, na mingine midogo ambayo bado ni kishada tu ardhini. Huu umechukua njia tofauti kabisa. Kishada chake kimejaa maji, tena maji mazito kidogo kwa ute unaotolewa na mmea wenyewe. Usiku tabaka la juu la maji hayo huganda na kuwa kifuniko, na chipukizi lililo chini yake linabaki kwenye maji ambayo hayajaganda. Yaani mmea umejihifadhi kwa barafu. Nilibonyeza kifuniko hicho kwa kidole kikavunjika kama kioo chembamba, nikaona aibu kama mtoto aliyevunja dirisha la watu.

Ndege mmoja wa aina ya chozi, dume, kijani kinachometameta na mkia wenye nyoya mbili ndefu, alitua kwenye mnara na kuchomeka mdomo katikati ya majani. Maua ya lobelia yamejificha ndani kabisa, baridi haiyafikii. Mdomo wa chozi ni mrefu na umejipinda, unayafikia.

Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden aliyeipanda milima hii katikati ya karne iliyopita, alisema hali ya hewa huku ni kiangazi kila mchana na majira ya baridi kila usiku. Watu wa ncha za dunia wana miezi ya kujiandaa. Senesio ana saa kumi na mbili, kila siku, maisha yake yote.

Mchana tulipanda hadi Zebra Rocks, miamba yenye mistari myeusi na myeupe ambayo maji yanayochuruzika yameichora. Tunapanda juu halafu tunarudi kulala chini, ndiyo kanuni. Njiani nilimwambia Meku jambo ambalo linanishangaza kuliko yote. Kwenye milima ya Andes, huko Venezuela na Colombia, kuna mimea iitwayo Espeletia. Shina nene, kichwa cha majani, koti la majani yaliyokufa. Ukiweka picha yake kando ya senesio, mwanafunzi atasema ni ndugu wa tumbo moja. Wote ni wa familia kubwa ya alizeti, lakini kila mmoja ana tawi lake la ukoo na mababu zake. Bahari ya Atlantiki iko katikati. Hakuna aliyemwigiza mwenzake.

"Kwa hiyo baridi ndiyo fundi cherehani," Meku akasema. "Wateja wawili, koti moja."

Nimemwomba ruhusa niitumie darasani.

Jioni: oksijeni 90. Imepanda kwa mbili kwenye mita zilezile za jana. Nimekwenda haja ndogo mara sita, na hilo nalo ni sehemu ya kazi: figo zinamwaga bikaboneti ili damu isizidi kuwa na ualikali kwa kule kupumua haraka. Tayari tangu juzi figo zimeshaanza kutoa homoni ya kuagiza seli nyekundu zaidi, ila shehena hiyo inachukua wiki kufika. Nitakuwa nimesharudi nyumbani.

Mtoto wa Meku ametapika mara mbili.

Siku ya 4: Horombo hadi Kibo

Tumepita kwenye maji ya mwisho asubuhi. Kuanzia pale wapagazi wanabeba maji yote ya kupikia, kwa kuwa Kibo hakuna. Kijana ameamka vizuri kiasi, ingawa sasa anatembea nyuma ya wote.

Msaidizi wa Meku alimtania: baba yako kapanda mamia ya mara, wewe umetoka wapi? Kila mtu akacheka, kijana naye akacheka kinyonge. Mimi nilinyamaza, maana nililiona swali la mwanafunzi wangu limevaa sweta. Mapafu ya Meku yamefanya kazi mlimani miaka thelathini. Anajua mwendo, anajua kunywa maji kabla ya kiu, mwili wake umepandishwa mara nyingi kuliko anavyokumbuka. Hayo yote ni yake. Hayakuingia kwenye mbegu. Kijana amezaliwa Marangu, karibu na mita 1,500, na anaanza pale nilipoanzia mimi, tofauti ni umri tu.

Kisha tukaingia Saddle, uwanda mpana ulio kati ya Mawenzi na Kibo, vilele viwili vya mlima huu, uliokaa kama tandiko la farasi. Hapa ndipo ahadi ya siku ya kwanza ilipotimia. Vishada vya nyasi vikavu, mbali mbali. Maua ya Helichrysum, yenye magamba makavu kama karatasi yanayofanana na petali na majani ya fedha yaliyojaa vinyweleo, yamejibana nyuma ya mawe upande usio na upepo. Vinyweleo vinarudisha mwanga mkali na kushika hewa tulivu karibu na jani. Kuna buibui wadogo chini ya mawe. Wanakula nini? Upepo unapandisha wadudu kutoka chini, baridi inawaua, nao wanaokota. Chakula chao kinatoka nchi nyingine, kama dukani.

Halafu Meku akainama akaokota mpira. Ulikuwa wa mosi, ule mmea laini kama zulia unaotambaa kwenye magogo, ila huu ulikuwa duara kamili, wa ukubwa wa limau, kijani pande zote. Hauna chini wala juu. Chanzo chake ni hiki: usiku maji yaliyo kwenye udongo huganda na kuota kama sindano za barafu zinazoinua udongo na kila kilicho juu yake, mchana zinayeyuka, vitu vinaanguka. Usiku unaofuata tena. Kipande cha mosi kinageuzwa na kugeuzwa, kila upande unapata zamu ya jua, kinakua mviringo. Tuliurudisha pale pale, ingawa kesho hautakuwa pale pale.

Kwa sababu ya mosi nilipiga magoti, na kwa sababu ya kupiga magoti nikaiona miche. Mamia. Mimea ya majani mawili, matatu, mingine mibichi na mingine imekauka, imelala ubavu na mizizi yake hewani. Sindano zilezile za barafu zimeing'oa. Kilichobaki kimesimama ni kimoja hapa, kingine hatua tatu mbele, kwenye ufa wa jiwe au chenye mzizi uliowahi kuteremka.

Nilikaa pale hadi msaidizi akarudi kuangalia kama naumwa. Nilikuwa namjibu mwanafunzi. Mpungate haukujua. Senesio haikujua. Hii miche haijui chochote sasa hivi. Sema mbegu mia zimeota na hazilingani sawasawa, mmoja una mzizi mrefu kwa unywele kuliko wenzake kwa bahati ya kurithi. Usiku wa leo unang'oa tisini na tisa. Mbegu za mwaka wa mbele zitatoka kwa yule aliyebaki. Rudia hivyo tangu Kibo haijawa mlima, maana volkano hii ilianza kujijenga kama miaka 460,000 iliyopita, na ukoo wa senesio wa Afrika Mashariki unakadiriwa kuwa na umri wa kama miaka milioni moja, ukianzia hapahapa Kilimanjaro kwenye vilele vya zamani zaidi. Kila koti nililoingiza mkono jana limeshonwa na waliokufa.

Tena sisi tunatumia neno moja kwa yote mawili! Kuzoea. Mimi nazoea, senesio umezoea. Mimi ni kiumbe kimoja kinachobadilika ndani ya siku nne na kitarudi kilivyokuwa. Kwa senesio hakuna mmea hata mmoja uliobadilika. Na yule kunguru wa zipu yuko mahali pa tatu: hakuzaliwa akijua zipu, wala hatamrithisha kifaranga wake kwenye yai, lakini kifaranga akimtazama anaweza kujifunza. Nimechora safu tatu kwenye daftari. Mkono unatetemeka, mistari imepinda.

Kibo, mita 4,720 hivi. Oksijeni 81. Sina hamu ya chakula. Tunaamshwa saa tano usiku.

Siku ya 5: Usiku, juu, na kurudi

Naandika hii Horombo, jioni, kwa kumbukumbu.

Tuliondoka saa sita usiku. Sioni cha kusema kuhusu saa tano za changarawe gizani isipokuwa kwamba kila hatua moja mbele ilikuwa na nusu ya kuteleza nyuma. Hewa ya kileleni ina asilimia ileile ya oksijeni kama ya Dar es Salaam, 21. Kilichopungua ni kanieneo, karibu nusu ya ile ya pwani. Kila pumzi ni nusu pumzi.

Nilikuwa nikihesabu wanyama ili nisihesabu hatua. Mwaka 1926 mchungaji wa kanisa Richard Reusch alikuta mzoga wa chui umeganda karibu na ukingo wa kreta. Mwaka 1962 msafiri Mwingereza Wilfred Thesiger na wenzake walipanda wakifuatwa na mbwa-mwitu watano hadi kwenye barafu. Chui hana mwili wa mahali hapa, mbwa-mwitu pia. Walikuja kama mimi. Chui alibaki.

Nilifikiria pia Watibeti. Wengi wao wana aina ya jeni iitwayo EPAS1 inayozuia damu isijaze seli nyekundu kupita kiasi. Mtu wa kawaida akihamia juu anaongeza seli nyekundu hadi damu inakuwa nzito, na damu nzito ina hatari zake, moyoni na kwa wajawazito. Mwaka 2014 ilionekana kwamba jeni hiyo iliingia kwa mababu zao kutoka kwa Wadenisova, binadamu wa kale ambao wametoweka. Watu wa Andes nao wana himoglobini nyingi, na wenyeji wa nyanda za juu za Ethiopia wana njia yao nyingine. Makoti matatu tofauti kwa baridi moja; hapa mfano wa fundi cherehani unaharibika, na nilitaka kumwambia Meku lakini sikuwa na pumzi ya sentensi nzima.

Gilman's Point, mita 5,685, saa kumi na mbili kasoro. Jua linachomoza nyuma ya Mawenzi. Meku akanivisha kidude. 67. Akanipiga tochi machoni, kisha akachora mstari changaraweni kwa fimbo, akaniambia nitembee juu yake, kisigino kwa kidole. Hatua ya tatu nilikwenda kushoto kama mlevi.

"Tunashuka, Mwalimu."

Nikamwambia ni saa moja na nusu tu hadi kilele cha Uhuru. Nadhani nilimwambia. Yeye anasema niliimba.

Kabla ya kugeuka niliona barafu upande wa pili wa kreta, ukuta mweupe uliosimama peke yake. Kati ya mwaka 1912 na 2007 mlima ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Ndani ya kreta kuna matundu yanayotoa mvuke wa joto, na inasemekana Helichrysum limewahi kukutwa limeota kandokando yake, juu kuliko mmea mwingine wowote wa maua mlimani. Nilitaka sana kuliona.

Kushuka changarawe kulikuwa kama kuteleza kwenye rundo la mahindi. Kibo nililala saa moja, nikanywa chai. Tulipofika tena kwenye senesio za kwanza, kichwa kilikuwa kimeacha kugonga, kama mtu aliyezima redio ya jirani. Oksijeni 89.

Siku ya 6: Horombo hadi langoni

Kushuka tu. Mvua ilitukuta kwenye Erica, na kila ndevu ya babu ilikuwa imevimba na kugeuka kijani. Magoti yanauma. Mbega walikuwa juu ya mti uleule, au mti unaofanana nao.

Kijana alitupita mbio akiimba, na mzigo kichwani. Chini ya Mandara alisubiri, akamuuliza baba yake kama safari ijayo hatatapika. Meku akamwambia akipanda tena wiki ijayo itakuwa nafuu, lakini akikaa nyumbani mwezi mzima, ataanza upya.

Langoni nilivishwa kidude mara ya mwisho. 97. Kijana akanyoosha kidole naye apimwe. Tisini na nane. Akaangalia namba ile, akanitazama mimi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Horombo. Baba yake akamwambia mizigo haijipimi yenyewe.